Nilimwomba mzee wa kuchonga twiga anichongee sura, akamchagua mama yake

Wakuu, heri ya leo. Wenye haraka piteni tu, wenye nafasi vuteni kiti. Hili limenitokea mwenyewe na sitalitia chumvi, maana halihitaji.

Mie ni mchonga vinyago. Niko kwenye banda moja la Mtoni, ndani ndani kidogo ukiiacha Kilwa Road. Tunachonga twiga. Sio tembo, sio simba. Bosi anauzia maduka ya watalii, na watalii wanapenda twiga, basi sie ni twiga asubuhi mpaka jioni.

(Kuna mtu ataandika "si una kazi, mshukuru Mungu". Nashukuru mkuu. Soma kwanza.)

Pembeni yangu anakaa Mzee Dastani, mtu wa Masasi. Alianza kuchonga twiga mie sijazaliwa. Sijawahi kuona binadamu mwenye raha na kazi yake kama yule. Anaimba wimbo mmoja wa kwao siku nzima, kwa sauti ya chini, na kila anayepita lazima amtanie.

Kazi yenyewe wala haiangalii. Unapiga naye stori anakutazama usoni, huku patasi inakwenda, mara twiga huyo kasimama. Twiga hao wamemjengea nyumba Mbagala na kumsomeshea watoto. Nilikuwa namwonea wivu, sifichi.

Sasa mie nina ndoto yangu. Nataka kuchonga sura za watu. Mama ntilie, kinyozi, jirani, watu wa kweli. Dada mmoja mwenye duka la sanaa kule Tegeta akaniambia nimpelekee sura moja tu. Akiipenda atakuwa anachukua kazi zangu, na twiga nawaaga.

Nikasikia kwamba Mzee Dastani ujanani alikuwa anachonga sura mpaka wenye ndugu zao wanalia. Jumamosi mchana, wenzetu wameshaondoka, nikamwomba anichongee moja nione mkono wake unavyokwenda. Sura yoyote.

Alifurahi sana. Akasema atamchonga marehemu mama yake.

Akachagua kipande kidogo cha mpingo, akaanza. Huku ananisimulia: mama alivyokuwa anacheka, mihogo aliyokuwa akichoma, alivyokuwa akimwita kutoka shambani. Macho kwangu, mikono kwenye mti, wimbo unaingia katikati ya stori. Nikaona shingo inatokea. Ikaendelea kupanda. Nikajua ni utani wake.

Akamaliza, akapuliza vumbi, akakifuta kinyago kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama yangu huyo. Umemuona alivyokuwa mzuri?"

Alikuwa twiga.

Nilicheka wakuu. Nikajikuta nacheka peke yangu. Mzee ananitazama, anasubiri nimsifie mama yake.

Nikamwambia taratibu kwamba huyu ni twiga. Akamchukua, akampapasa kwa dole gumba kuanzia pembe mpaka shingoni. Wimbo ukakatika. Tangu niingie lile banda sikuwahi kulisikia kimya namna ile.

"Hivi," akaniuliza, "mama alikuwa na sura gani?"

Akanirudishia yule twiga.

Kisha akatabasamu, akavuta kipande kingine, na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia. Mpaka leo hajaligusia tena.

Jumapili nikakaa nje ya chumba changu na binti yangu Rehema. Nilimweka kwenye kigoda mbele yangu, nikaanza kumchonga. Sikutaka kuipoteza sura yake, kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa kwake. Kazi ikanoga. Kwa kweli nilikuwa na furaha.

Rehema akasema, "Baba, si wimbo wa babu Dastani huo?"

Nilikuwa naimba. Sikujua kama naimba.

"Na mbona shingo yangu umeifanya ndefu hivyo?"

Nilichelewa kutazama chini. Niliogopa.

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Hicho kilinitisha, na nilikichonga mchana kweupe mbele ya mwanangu.

Sisemi kazi ya kila siku ni mbaya, na mtu asije hapa akaacha kazi kwa sababu yangu. Wala sisemi raha ya Mzee Dastani ni ya uongo. Ni ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo inanitia hofu. Angekuwa mtu wa kunung'unika, pengine angeshtuka mapema.

Siku hizi bandani natoka mchana, bosi kaninunia lakini kakubali. Dada wa Tegeta bado ananisubiri. Rehema wa mti ameshapata macho na mdomo. Shingo ndiyo naogopa, nikijisahau kidogo tu inapanda.

Yule twiga wa Mzee nilipewa, nimemweka dirishani. Rehema alipouliza ni nani nilimwambia ukweli, ni mama yake babu Dastani. Basi kila asubuhi akienda shule anamwamkia, "Shikamoo bibi." Simkatazi. Hakuna mwingine anayemkumbuka.

Na wewe mkuu unayecheka na kila mtu kazini, leo ukirudi nyumbani shika kile ulichokuwa unakipenda kabla ya hiyo kazi. Kalamu, gitaa, cherehani, chochote. Fanya kidogo, kisha tazama mikono yako imetengeneza nini.

Halafu uje uniambie hapa chini. Nasoma zote.