Migomba ya Karoni

Mama yangu alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa watoto wa migomba. Ukitaka chumvi, makaa, hata kanga yake ya kutokea, atakupa. Ukimuomba chipukizi la mgomba wake, anajifanya hasikii.

Ilikuwa migomba ya mkono wa tembo, imesimama nyuma ya nyumba yetu ya Ng'ambo, pale karoni yanapomwagikia maji ya kuogea. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na huyo naye alipewa na wake. Nimekula ndizi nyingi maishani, sijaona mfano wa zile. Mwezi wa Ramadhani mama akizipika kwa tui zito na hiliki, zilikuwa laini bila ya uzi hata mmoja, na jirani wa nyumba ya tatu alijua tunafuturu nini. Wazee walisema ndizi ilivuka bahari na watu wa zamani, wasijulikane walitoka wapi. Mimi kinachonishangaza mpaka leo ni jambo dogo zaidi: ndizi zetu hazina mbegu. Zimefika kwetu kwa sababu kila aliyekuwa na mgomba alimng'olea mwenziwe mtoto, akampa. Mmoja akigoma kutoa, basi tena.

Baba alioa mke wa pili Makunduchi. Mama alivumilia, akasema ni haki yake. Lakini asubuhi moja aliona shimo bichi karoni, akajua baba ameondoka na mtoto wa mgomba guniani.

"Mke umeoa, haya," alimwambia aliporudi. "Mgomba wangu ulikukosea nini?"

Hilo hakulisamehe, hata baba alipofariki. Na kwa mke mwenziwe hakukanyaga.

Kisha mtaa wetu ukabomolewa kupisha majumba ya Michenzani. Tulipata nyumba ya ghorofani, ina umeme na maji ya mfereji, na mimi nilifurahi sana, sifichi. Mama alihamia na watoto watatu wa migomba ndani ya madebe. Aliwapanga roshani, akawamwagia maji mpaka jirani wa chini akapanda kulalamika kwamba nguo zake hazikauki. Majani yakageuka manjano, ukanyauka mmoja, ukafuata wa pili, na wa tatu. Kule tulikohama greda lilishapita. Wala hapakuwa na jirani wa kumkimbilia, maana hakuna jirani aliyewahi kupewa. Mama akawa hana raha, chakula hakimpandi.

Nikamwambia, "Mama, upo mmoja Makunduchi."

Alinitazama kama nimemtukana. Wiki ya pili yake akavaa buibui, tukapanda gari la shamba.

Mama mdogo, yule mke wa pili wa baba, alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba," mama akajibu, macho yashafika uani.

Kule ardhi ni mawe matupu. Migomba imepandwa mashimoni, katikati ya mawe, na imestawi utadhani imezaliwa hapo, mkungu mmoja umeinama karibu na kugusa chini. Mama alilishika shina akalipapasa. Lakini kuomba hakuweza. Alizungumza habari za mvua na maumivu ya magoti, na mimi nimekaa roho juu.

Ndipo mwanamke mmoja wa kijijini akapiga hodi, jembe begani.

"Nimekuja kuomba mtoto wa Bi Mkubwa," alisema.

Mama akashtuka, akanigeukia mimi.

Mama mdogo aliona haya. "Usinikasirikie. Ndivyo tunavyoiita ndizi hii hapa, kijiji kizima. Mie nliwambia tangu siku ya mwanzo, mgomba si wangu, ni wa Bi Mkubwa wa mjini."

"Na unampa nani?"

"Kila anayekuja."

Mama akakunja buibui, akamwomba yule mwanamke jembe, akachimba mwenyewe, taratibu, asiumize mizizi. Nilidhani anajichimbia wa kurudi nao mjini. Akaunyanyua na udongo wake, akampa yule mwanamke. Maisha yangu yote nilikuwa sijamuona akitoa hata mmoja. Nilimpenda mama yangu siku ile mpaka machozi yakanitoka mbele za watu.

"Upande pale yanapotokea maji ya kuogea," alimwambia. "Na wakija kukuomba, wape wote."