Koti la Muhogo

Sisi tuliokulia Lackawanna, pale jirani na Buffalo, Marekani, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, tulilelewa na baridi. Soksi tulizivaa mikononi, na makoti ya msaada wa kanisani yalituenea wawiliwawili. Watoto wa leo wanasubiri basi la shule ndani ya gari la mama, hita inanguruma, na bado wananuna.

Mwaka wetu wa kwanza Baba alitaka tuhamie Columbus. Rafiki yake wa huko alimpigia kila Jumapili baada ya ibada, akimhakikishia kwamba baridi ya Columbus ina adabu. Mama hakutaka. Tangu milima ya Kivu hadi kambi ya wakimbizi alikuwa amefunga mizigo ya kutosha. Akachukua mche wa muhogo aliopewa na dada yake wa Louisville, akauweka kwenye ndoo jikoni, kando ya hita, mahali nilipokuwa nikifanyia kazi za shule.

"Bon," akamwambia Baba, "hii muhogo ikifika Pasaka, tunabakia. Ikikufa, twende kwako Columbus."

Tangu siku hiyo, ukifungua mlango tu, Mama anapaza sauti: "Funga! Muhogo inasikia baridi!" Sisi hakuna aliyetuuliza. Januari majani yakaanza kudondoka. Baba aliyaokota kila asubuhi kwa huzuni ya mrithi msibani. Februari kikabaki kijiti kitupu, naye akaanza kuleta makatoni kutoka kazini.

Muhogo ule niliuchukia, lakini shuleni nilikuwa nimeshapata rafiki, wa kwanza tangu tufike. Asubuhi moja nikauvisha koti langu, nikafunga zipu, nikaenda shule na sweta. Mwalimu akamwita Baba. Mkalimani nilikuwa mimi.

"Mwambie koti iko nyumbani, muhogo ndiyo imeivaa," Baba akasema bila aibu.

Nikatafsiri: nyumbani tuna mgonjwa. Mwalimu akafuta machozi, akaenda kututafutia koti jingine. Baba alishukuru sana. Hadi leo anaamini Wamarekani wanauonea muhogo huruma.

Jioni ile Mama akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake, kijani kibichi.

"Haiyakufa," akasema polepole. "Imenyamaza tu, sawa vile sisi tulinyamaza kambini."

Baba akayakunja makatoni yake, moja moja, akayatoa nje. Wiki moja kabla ya Pasaka kikachomoza kijani kidogo kama sikio la panya, na Mama akaimba nyumba nzima.

Siku hizi sombe, mboga ya majani ya muhogo, tunainunua imeshatwangwa na kugandishwa. Mdogo wangu Josué, aliyezaliwa hapahapa, anaongeza joto la nyumba kwa simu bila kuinuka kitandani. Mama akimwita, anajibu kwa Kiingereza. Enzi zile tulijazana jikoni sote, tukigombana, tukicheka, tukisali. Sasa nyumba nzima ina joto, na kila mtu yuko chumbani kwake.