Profaili Niliyoifuta

Nilipoanza kazi Kibiti nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nimerudi karibu na nyumbani, maana kwetu ni Ikwiriri. Mradi mdogo wa afya uliokuwa ukizihudumia zahanati za delta, kule mto unakoingia baharini, ulinipa chumba chenye feni, meza, na seva moja iliyovuma kutwa kucha.

Kazi ya seva ile inaelezeka kwa maneno machache. Ndani ya ofisi tulikuwa na kompyuta na mashine nyingine kadhaa, lakini huko nje, kwenye intaneti, sote tulionekana kwa anwani moja tu. Mtu wa nje akitaka kuifikia mashine fulani ya ndani, sharti aje na namba ya mlango wake. Namba hiyo ndiyo tunayoiita poti. Seva inaisoma, inatazama kwenye orodha, inampeleka panapohusika. Namba isiyokuwamo kwenye orodha inarudishwa ilikotoka. Kila mstari wa orodha tuliuita profaili: jina fupi, poti ya nje, mashine ya ndani, basi. Kuzitunza profaili hizo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa.

Kabla yangu zilitunzwa na mzee mmoja wa kijiji cha Mkongo aliyekuwa anastaafu. Alijifunza kompyuta ukubwani, akiwa fundi redio, na sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii vizuri, hivyo aliongea kwa sauti ya juu hata mkiwa wawili. Tulipewa wiki moja ya kukabidhiana. Siku ya kwanza alivuta kiti, akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa wa orodha.

"Hii hapa, binti, ina habari yake. Mwaka ule maji yalipopanda, zahanati ya Kiongoroni ilikuwa haifikiki..."

Nilimkata. Nakumbuka hata nilivyokaa, simu mkononi, mguu juu ya mguu.

"Mzee, wewe nitumie orodha tu. Mengine nitayaona mwenyewe."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. Alinitumia orodha, na siku zilizobaki alizimaliza akipanga nyaya kabatini na kupiga soga na mlinzi. Ijumaa alichukua kikombe chake na kofia yake, akaenda kulima mpunga.

Miezi ilipita salama. Kisha nikaanza kuona watu wasiojulikana wakigonga seva yetu kutoka nje, usiku na mchana, wakijaribu poti moja baada ya nyingine. Hilo ni jambo la kawaida kwenye intaneti, lakini nilimwonyesha meneja, naye akashtuka.

"Funga kila mlango usio na mwenyewe," aliniambia. "Kisichotumika kitoke."

Ilikuwa amri nzuri na niliifurahia. Nilikaa siku nzima na orodha. Nikakuta poti moja ikielekea kwenye kamera ya stoo, kamera ambayo mtu yeyote duniani angeweza kuitazama, na nikaifunga. Nikakuta nyingine ya kompyuta iliyokwisha kufa zamani. Mwisho nikafika kwenye profaili iliyoandikwa MB2. Nikaangalia kumbukumbu za seva: miezi mitatu hakuna hata ujumbe mmoja uliopita pale. Nikaifuta. Meneja aliposoma ripoti yangu alinisifu mbele ya wenzangu, na mimi nilikwenda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa.

Siku tisa baadaye, saa mbili asubuhi, simu yangu iliita. Alikuwa sista, nesi wa zahanati ya Mbwera, mama wa makamo ambaye nilimjua kwa sauti tu.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, kile kidude chenu mbona hakikulia?"

"Kidude gani?"

"Cha kwenye friji la chanjo. Alichoniwekea mzee. Aliniambia joto likizidi tu, kinatuma habari kwenu, na ninyi mnanipigia. Nimeamka leo friji limekufa. Panya wamekata waya wa sola. Joto limeshapita nane, na hakuna aliyenipigia."

Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto mbili na nane. Hilo nililijua kwa sababu lilikuwa limebandikwa ukutani ofisini, nikilipita kila siku. Niliketi. Kabla hata hajamaliza kusema, nilikwishaelewa MB2 ilikuwa nini. Kipimajoto kile hakikutuma ujumbe kila siku. Kilipangwa kutuma pale tu joto linapotoka kwenye kipimo, ili kisimalize betri na salio huku mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Miezi mitatu ya kimya ilikuwa miezi mitatu ya friji zima. Na usiku ule kipimajoto kilikuwa kimegonga. Baadaye niliona kwenye kumbukumbu jinsi kilivyogonga kila baada ya dakika kumi, na kila mara seva yangu ikikirudisha.

"Chanjo zimeharibika?" niliuliza.

"Hazijaharibika, na hazitaharibika nikiwa hai," alisema. "Mimi kidude nakishukuru, lakini saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni naangalia kwa macho yangu. Nimeshazitia kwenye maboksi ya baridi. Nangoja maji yajae, boti itoke. Mje mnipokee bandarini Nyamisati."

Nilimweleza meneja kwamba friji la Mbwera limekufa na chanjo ziko njiani. Sikumweleza lililobaki. Dereva alipowasha gari nilipanda naye, ingawa haikuwa kazi yangu. Njia nzima nilijipanga nitakavyosema. Ningeweza kusema mtandao ulikuwa chini. Mtandao wa delta huwa chini mara nyingi, na hakuna ambaye angenihoji. Huo ndio ukweli wa nilichokuwa nikiwaza, na sioni sababu ya kuuficha.

Boti iliingia adhuhuri. Sista alikuwa mwembamba, mtandio umelowa, maboksi mawili yamekaa katikati ya magoti yake, kila mkono umeshika moja. Alikuwa ameagiza barafu kwa mnunuzi wa kamba wa baharini, akaipanga pembeni ndani ya maboksi, kati yake na chupa akaweka vitambaa, maana chanjo nyingine zikiganda zinakufa kama zinavyokufa kwa joto. Hakutaka mtu amsaidie kubeba mpaka alipoyaona yako garini na boksi letu kubwa limefunguliwa. Alisoma vipimajoto vya ndani. "Tano," akasema. "Na hili sita. Alhamdulillahi." Ndipo akaketi kwenye ukingo wa gari na kuvua viatu.

Nikamwambia. Yalinitoka tu bila mpango niliokuwa nao. "Sista, ni mimi. Kidude kililia. Mlango wake niliufunga mimi, sikujua ni wa nini, na sikuuliza."

Alikunja pindo la mtandio, akalikamua maji.

"Uliufunga kwa ubaya?"

"Hapana."

"Ungemuuliza nani, ungetaka kuuliza?"

"Mzee. Au wewe."

"Sasa mimi namba yangu huna? Leo nimekupigia kwa namba gani?" Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. "Watoto wa vijiji vitatu wanasubiri hizi chupa, mwanangu. Mama zao wanapiga makasia tangu alfajiri siku ya kliniki. Nikiwaambia rudini, wapo wasiorudi tena."

Nililia kidogo, nikageuka upande wa maji ili dereva asinione. Baada ya muda nilisikia karatasi ikifunguliwa. Alikuwa amebeba mkate wa kumimina. Akaukata kwa mkono, akanipa kipande kikubwa kuliko chake.

"Kula. Ukifika kaufungue. Na mkubwa wako umwambie mwenyewe, usingoje aambiwe."

Tulipofika Kibiti, mtunza stoo ya chanjo alikagua chupa moja moja, akitazama kile kialama cha kwenye lebo kinachobadilika rangi chanjo ikipata joto. Hakuna hata moja iliyoharibika. Sista alisimama nyuma yake mpaka ya mwisho.

Jioni ile nilirudisha profaili ya MB2, nikaijaribu mara nne, kisha nikaingia kwa meneja na kumweleza yote, pamoja na kipimajoto kilivyogonga usiku kucha. Nilitegemea barua ya onyo. Alikaa akizungusha kalamu.

"Amri niliitoa mimi," alisema mwishowe. "Na mimi sikuuliza. Zimebaki profaili ngapi ambazo hujui ni za nini?"

"Nyingi."

"Basi mpigie mzee."

Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko barua yoyote. Nilimpigia nikiwa nimesimama. Simu iliita mara ya tatu ndipo ikapokewa, na kabla ya sauti yake nilisikia debe likigongwa.

"Nipo dunguni!" alipaza sauti. Kwa wenzetu wa bondeni, dungu ni kile kibanda cha juu ya miti ambamo mtu hukaa kuulinda mpunga. "Ndege wanataka kunimaliza mwaka huu. Nani mwenzangu?"

Nilimtajia. Nikamsimulia habari ya Mbwera bila kupunguza. Nilipomaliza aligonga debe mara mbili, ndipo akarudi kwenye simu.

"Na mimi nilikosa," akasema. "Niliandika namba, sikuandika watu. MB2! Nani angejua? Mama watoto atakaa dunguni. Nakuja keshokutwa."

Alikuja na basi la asubuhi, na begi dogo na ufuta wa kukaanga kwenye chupa ya maji. Alikaa siku tatu, wakati ule ambao ukiuacha mpunga siku moja ndege wanakuonyesha. Hakunikumbusha hata mara moja maneno niliyomwambia wiki ya kukabidhiana. Alivuta kiti palepale, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akaendelea na habari ya Kiongoroni kana kwamba alikatizwa na mtu aliyebisha hodi.

Safari hii niliandika. Profaili ile ilifunguliwa mwaka ambao boti hazikuweza kwenda, ili mganga wa Kiongoroni aweze kuingia kwenye kompyuta yetu ya dawa na kuona kilichopo. Nyingine ilikuwa ya mizani ya watoto, nyingine ya betri za mnara wa mtandao. Kila mstari aliutajia mtu wake: huyu ni hodari, huyu ukimpigia mchana hapokei kwa sababu yuko shambani, huyu alifiwa, mwulize hali kwanza. Niligundua kwamba alikuwa akiijua delta nzima kwa poti zake. Alibishana nami pia. Nilimwonyesha jinsi ya kuiambia seva ikubali anwani fulani tu kutoka nje, ili wageni wasigonge ovyo, akasema haitafanya kazi, tukajaribu, ikafanya kazi, akapiga meza kwa furaha mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Siku ya mwisho tulifika kwenye profaili moja ambayo hata yeye hakuikumbuka. Aliitazama sana. "Hii sijui," alisema. Tulipiga simu zahanati zote, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeijua. Tukaifunga pamoja, kwa woga, tukaandika siku na saa. Mpaka leo hakuna aliyelalamika.

Alipoondoka nilimsindikiza stendi. Nilikuwa na maneno mengi ya shukrani, lakini basi lilikuwa limeshaanza kunguruma na mimi nilisimama upande wa sikio lake bovu. Sijui alisikia nini. Alinishika bega, akapanda.

Mwezi uliofuata nilichukua likizo ya siku nne nikaenda Mkongo. Mke wake alinipa debe na fimbo, akanielekeza pa kupandia. Nililinda mpunga vibaya sana. Ndege waliniona mgeni. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akapanda akanifundisha kusubiri kundi litue ndipo upige kelele, maana ukiwahi wanazoea. Jioni tulikula wali wa mpunga wa mwaka uliopita na kambale.

Sasa ni miaka kadhaa. Orodha yangu ni ndefu kuliko aliyoniachia, na kila profaili ina maelezo mbele yake: ni ya nini, ya nani, inatarajiwa kusema lini, na kimya chake kina maana gani. Kila mwanzo wa mwezi tunavijaribu vipimajoto vyote. Sista wa Mbwera bado yupo, na bado anaangalia kwa macho yake saa kumi na mbili na saa kumi na mbili.

Wiki iliyopita tuliunganisha zahanati mpya. Nilikuwa najaza profaili yake huku nikiongea na nesi wa huko kwa simu, binti anayeanza kazi. Nilimuuliza jina lake.

"Jina langu la nini tena, dada? Si mnahitaji namba tu?"

"Nataka nijue nani yuko upande huo."

Akacheka. Akanitajia jina lake, na la mama mwenye nyumba aliyempangisha, maana simu yake mwenyewe, alisema, huwa inaisha chaji. Nikayaandika yote mawili.