Orodha ya Jina Moja

Jumamosi nilikwenda kwenye ofisi ya shule ya masista hapa Kasongo kumwandikisha mtoto wa dada yangu. Mbele yangu alisimama mkubwa wa wanafunzi, msichana wa Kabambare, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Juma zima alikuwa akiwauguza wadogo waliopata surua.

Kila Jumamosi alipaswa kuleta orodha ya wasichana waliosema lugha za kwao, ili waadhibiwe. Mtawa wa Kizungu, ambaye wanafunzi humwita Masere, yaani sista, akaisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Iko jina moja tu. Lako."

"Ndiyo, Masere. Nilisema Kibangubangu."

"Na wengine?"

"Watoto walikuwa na homa, wanaita mama zao. Nikawajibu kwa lugha ya mama zao. Nikawapa na hadithi za bibi yangu, mpaka wakalala."

"Basi, tangu leo wewe si mkubwa tena."

Msichana akavua utepe wa bluu wa cheo chake begani, akaukunja taratibu, akauweka mezani. Hakulia. Nadhani alikuwa amechoka mno.

"Masere, jioni nani atawaosha wagonjwa?"

Mtawa hakuinua kichwa. "Wewe."

"Ndiyo, Masere."

Akaokota ndoo mlangoni, akaenda zake.

Nimeona wakubwa wengi ambao wakishavuliwa cheo hakuna anayewaita tena. Huyu, kabla hajafika chumba cha wagonjwa, sauti ndogo zilikuwa zinamwita "Yaya! Yaya!", kama dada yao mkubwa, naye akaitika kwa Kibangubangu, bila kupunguza sauti.