Jina la Bibi Minza Lilivyorudi Nyumbani

Niliondoka Katoro kwa hasira. Baba mkubwa Luhende alinitumia ujumbe kupitia dereva wa lori la pamba: mkamwana wake amejifungua binti, mtoto analia mchana na usiku, na mganga amesema analilia jina la marehemu bibi yetu, Minza. Kwa kuwa bibi alifia mikononi mwangu, kwa desturi ya ukoo wetu ni mimi niliyepaswa kwenda kumpa mtoto jina hilo.

Jina la Minza! Watu hao hao walikuwa wamemfukuza Bibi Minza wakimwita mchawi, na ushahidi wao ulikuwa macho yake mekundu. Upande wetu wa Shinyanga miti ilikwisha kwa mashamba ya pamba. Wanawake walipikia mavi makavu ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Bibi alikaa katika moshi huo maisha yake yote akitulisha. Siku ya mkutano wa kumfukuza nilikuwepo, kijana niliyemaliza kidato cha nne, karani wa ushirika, na nilinyamaza kimya. Nilichofanya ni kumchukua nikaenda kuishi naye Katoro, ambako kuni hazikuwa shida wakati ule. Haukupita mwaka macho yake yakawa meupe.

"Masanja," aliniambia akijitazama katika kioo changu cha kunyolea, "uchawi wangu umekwenda wapi?"

Alicheka. Mimi sikuweza.

Ushirombo nililala kwa Mama Veronika, mjane aliyekuwa akipokea wasafiri.

"Unakwenda Shinyanga?" aliuliza. "Huko bado mnafukuza bibi zenu?"

"Tunawafukuza, mama. Kisha tunawaomba majina."

"Hamna haya nyinyi!" alisema, akaniongezea mboga.

Kahama nilishinda kando ya barabara, maana miaka ile dizeli ilikuwa adimu kama sabuni. Lori lililonichukua liliniacha Shinyanga mjini, nami nikamaliza safari kwa miguu, katikati ya mabua ya pamba na vumbi la ng'ombe.

Nyumbani nilikuta uani pamejaa watu wanamkumbuka bibi.

"Alikuwa na mkono wa kulima yule!" alisema shangazi. "Ukiingia kwenye mtama wake, unapotea."

"Na kucheza ngoma je?" alidakia mwingine. "Akiingia uwanjani, wasichana walikuwa wanakaa chini."

Baba mkubwa alijifuta machozi. "Nilipougua surua alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Sitapata mama kama yule."

Mdomo huo huo ndio uliomwambia mama yake aondoke kabla ya jua kuzama.

Nilimtafuta mtoto. Alikuwa jikoni mgongoni kwa mama yake, Nkwimba, moshi umewafunika wote wawili, na macho ya Nkwimba yameanza kuwa mekundu.

"Shemeji, mtoe mtoto nje, moshi unamuumiza."

"Nikitoka, ugali wenu atausonga nani?"

Nilirudi uani nikasema wazi, "Baba mkubwa, sitoi jina mpaka useme mbele ya watu kwa nini mama yako kazikwa Katoro."

"Karani, umekuja kumpa mtoto jina au kufungua kesi?" Watu wakacheka. "Mama alikwenda kukutembelea, mauti yakamkuta huko. Basi."

Nkwimba alikuwa ametoka na mtoto. "Shemeji, anayelia ni mwanangu. Ukimnyima jina utakuwa umemkomoa nani?"

Nilipokea kibuyu cha maji yaliyochanganywa na unga wa mtama. Kwetu, mwenye kutoa jina humweleza marehemu maisha yake, ajue kwamba ni yeye anayeitwa, na hakuna ruhusa ya kumkatiza mpaka kibuyu kishuke chini.

"Minza," nilisema, "ulizaliwa hapa, ukazaa hapa, ukalima, ukacheza. Macho yako yaliharibiwa na moshi wa kutupikia. Mwanao Luhende akakuita mchawi. Ukoo ukakufukuza. Mimi Masanja nilikuwepo na sikusema neno. Ulifia Katoro, macho yako meupe."

Baba mkubwa aliinuka. Shangazi akamvuta shati. "Kaa! Kibuyu bado kiko mkononi mwake."

Nilimnyunyizia mtoto maji. Akanyamaza. Watu walipiga vigelegele, jina limekubaliwa! Niliwaambia kilichomtuliza ni hewa ya nje. Hakuna aliyenisikiliza.

Asubuhi hakuna mwanamume aliyenisindikiza. Nkwimba peke yake alinifikisha njiani, Minza mdogo mgongoni.

"Nimelihamishia jiko nje, uani," alisema. "Baba mkwe kanuna. Mvua ikinyesha atakula kiporo."

Njia nzima ya kurudi sikujipongeza. Nimezeeka sasa, na nililojifunza katika safari ile halijanipa raha mpaka leo. Maneno yale niliyoyasema nimeshika kibuyu hayakuwa marefu. Ningeweza kuyasema siku ya ule mkutano, wakati bibi amekaa chini katikati ya wanawe, akinitazama mimi niliyesoma.