Fanya Juu

Mtu akikuambia fanya juu ni mtaro tu, jua hajawahi kuchapwa kwa sababu ya mtaro. Mimi nimechapwa. Nilikuwa darasa la sita. Nilichimba mtaro wangu vizuri, nikaunyoosha, halafu udongo wote nikautupa upande wa chini wa mteremko. Kurusha chini ni rahisi, kilima kinakusaidia. Lakini jina lenyewe linakuambia: udongo unaurusha juu, unaupanda majani ya napia ili ushike, na mvua baada ya mvua shamba linajisawazisha lenyewe, ngazi baada ya ngazi. Mama alinirudishia jembe nikarudia mtaro wote huku nikilia, naye amesimama pale pale mpaka nikamaliza.

Shamba hilo liko Theta, mahali ardhi inateremka kwenda mtoni. Akina mama wa mteremko ule ndio waliozichimba ngazi zote kwa ngwatio, leo kwako, kesho kwangu. Mtaro wa jirani ulipofika kwenye ua wetu haukuishia hapo, wetu uliupokea ukaendelea. Juu tulipanda mahindi na maharagwe, ndani ya mitaro ndizi, na chini kabisa nduma, yaani magimbi. Udongo ule ndio uliotulea sisi sote, na mama hakuwahi kuupenda mwili wake mwenyewe jinsi alivyoupenda udongo huo.

Siku hizi tumebaki kisiwa. Mashamba mengine yamekatwa ploti na nyumba zinaota kila upande. Sina haki ya kulalamika sana, nami nimepanga Ruiru, na nani anajua chumba changu kimekalia mtaro wa mama wa nani. Lakini iliniuma. Jirani wetu wa juu alipofariki, watoto wake waliuza, na aliyenunua akaleta tingatinga. Asubuhi moja tu, ngazi zote za juu yetu zikawa uwanja.

Mama alifunga kitambaa chake cha kanisani akapanda kuongea na msimamizi wa mjengo. Nilikwenda naye. Aliomba kitu kimoja: wamwachie mtaro wa mwisho, ule unaopakana na ua wetu, maji yasije yakamshukia yote. Msimamizi alikuwa mtu wa heshima. Alimwita shosho, kama bibi yake mwenyewe, akamtafutia kiti. Kisha akanyoosha kidole kwenye nguzo zilizokuwa zimeanza kuchomoza.

"Shosho, hata sisi tunafanya juu," alisema. "Gorofa tano."

Mafundi wakacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu, kisha akashukuru kwa kiti. Mimi nilitaka kupiga mtu. Mtaro ule ulifukiwa wiki hiyo hiyo.

Mvua ya Aprili ilipokuja, mtaro wetu wa kwanza ulijaa ukapasuka, ukamwagikia wa pili, nao ukapasuka, hivyo hivyo hadi mtoni. Kulipokucha mahindi yalikuwa yamelala mizizi nje, na mto ulikuwa mwekundu kwa udongo wetu. Mama akaita ngwatio. Walikuja wanawake wawili, wazee kama yeye, mmoja na goti bovu. Wengine wameshakufa, ama wameuza, ama wamechukuliwa na watoto wao kukaa Thika mjini. Tulichimba hivyo hivyo, tukapanda napia upya. Mvua ya Oktoba ikaja ikabeba mitaro pamoja na napia yake.

Nilimwambia mama basi tuuze. Sikuwa na nguvu ya kulirudia neno hilo.

Juzi maji yalianza kuingia jikoni kwake. Nikaleta mtu wa kibarua kutoka Juja, achimbe mtaro nyuma ya nyumba wa kuyapeleka pembeni. Mtu wa makamo, mchapa kazi. Alivua shati, akapima kwa macho, akauliza udongo arushe upande gani. Nikamtazama mama. Alikuwa kwenye stuli akichambua maharagwe, maharagwe ya kununua dukani.

"Arushe tu popote," alisema.

Ngai, Mungu wangu. Nilingoja aongeze neno, hata la kunigombeza mimi. Aliendelea kuchambua, hakuinua kichwa. Yule bwana akaanza kurusha chini, kwa sababu kurusha chini ni rahisi, na hakuna aliyemzuia.