Mstari Mwekundu wa Saa Moja

Shemeji yangu huondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Najua kwa sababu ninaishi nao, yeye na dada yangu, na mlango wao unapiga kelele kama unachinjwa. Miaka kumi na moja naisikia kelele hiyo. Anakwenda kuwasha boila la hospitali, kule chini, jirani na chumba cha kufulia ninakofanya kazi mimi, ili asubuhi kuwe na mvuke wa kufulia mashuka na wa kuua vijidudu kwenye visu vya upasuaji. Wenzetu wanamwita Mzee wa Moto.

Boila lenyewe limezeeka na lina visirani. Ukishaliwasha huliachi peke yake mpaka mshale wa presha utulie, na mshale hautulii kabla ya saa mbili. Sasa sikilizeni upuuzi. Daftari la mahudhurio hulala kwenye droo ya ofisa utumishi, hutoka saa kumi na mbili na nusu na kuwekwa getini. Saa moja kamili mlinzi anapiga mstari mwekundu. Ukisaini chini ya mstari, umechelewa. Mzee wa Moto akipanda saa mbili, masizi mpaka kwenye nyusi, anasaini wapi? Chini! Kila siku ya Mungu, chini.

Nilishamwambia, "Shemeji, kalalamike."

"Wanajua, shemeji," akasema. "Kwani nani asiyejua kwamba mvuke haujipiki wenyewe?"

Mwaka huu wakatangaza tuzo ya mfanyakazi bora kwa sisi vibarua. Mshindi anapewa barua ya ajira ya kudumu na kadi ya matibabu, yeye na mwenzi wake. Siku ile nyumbani hakuna aliyekula akashiba. Dada yangu ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, la kulia linaona vivuli tu, na daktari alisema asipopasuliwa kabla ya mwaka kwisha, basi tena. Chumba cha upasuaji kiko juu kabisa ya boila la mumewe. Hata visu vya kumpasulia vingesafishwa kwa mvuke wake! Lakini kibarua hana kadi.

"Safari hii ni yako," nilimwambia shemeji. Siku ya hafla alinyoa ndevu.

Tulikaa ukumbini kwenye viti vya plastiki. Mganga mkuu akashika kipaza sauti, akasifu, akasifu tena, kisha akasema mshindi ni yule ambaye hajachelewa hata siku moja. Akanitaja mimi.

Mimi! Ninayefika saa kumi na mbili na nusu, nasaini, nashuka, nakuta mvuke umeshaanza kupanda. Watu wakanisukuma mbele huku wakipiga makofi, na shemeji naye akapiga, tena kwa nguvu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sikungoja soda. Nilimfuata ofisa utumishi ofisini kwake, nikamwekea ile barua ya ajira mezani.

"Mama, mpeni Mzee wa Moto. Mimi sina mume, sina mtoto, sijaumwa hata jino."

Akafungua daftari, akanigeuzia. "Ndugu yangu, huyu kachelewa siku mia mbili themanini na saba. Kati ya vibarua wote yeye ndiye wa mwisho. Ashukuru hatujamwondoa."

"Hajachelewa! Anatoka nyumbani saa kumi, daftari lenu limelala!"

"Sasa mimi nitajuaje, na hakusaini?"

"Muulizeni mlinzi!"

"Mlinzi hamsainii mtu." Akafunga daftari. "Na tuzo haihamishwi. Usipoitaka, inarudi kwetu."

Nililia pale, jamani. Nilipiga magoti, mwanamke mzima. Akanipa karatasi laini nijifute. Mwishowe niliichukua ile barua, ndiyo, niliichukua, na sijisamehe. Njiani nilimweleza shemeji yote. Akasema tu tutembee haraka, mwenzetu anasubiri.

Dada tulimkuta amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kutokea, amejipaka mafuta.

"Haya, nani?" akauliza kabla hatujavua viatu.

Nikamwambia ni mimi. Uso ulimsinyaa, halafu akajikaza, akanyoosha mikono kunitafuta. "Hongera, mdogo wangu. Nafurahi, kweli nafurahi." Akanishika mabega. "Na mume wangu je? Amekuwa wa ngapi?"

Shemeji alijibu mwenyewe, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Wa mwisho."

Dada akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, maana yeye ndiye humwamsha kila alfajiri. "Muongo wewe! Sema kweli bwana, wa pili, eti?" Akaendelea kucheka, akitungoja tucheke naye.